Sakafu ya Mbao Ngumu na Ugomvi wa Dhamana

Mninga, mkongo, mvule na msaji ni miti inayosifika nchini kwa uimara wa mbao zake. Sehemu ya moyo wa miti hiyo haishambuliwi kwa urahisi na mchwa, na ikipigwa randa na kupakwa vanishi hupendeza kuliko saruji. Kwa hiyo mwenye nyumba anayegharimia sakafu ya mbao hutazamia kwamba amejipatia kitu cha kudumu umri wake wote. Hata hivyo hutokea kwamba, miezi michache baada ya fundi kukabidhi kazi, mianya huonekana kati ya ubao na ubao, au kingo za mbao huinuka, au sakafu nzima hufumuka na kuacha uvungu chini yake.

Hapo ndipo ugomvi huzuka. Mwenye nyumba humdai seremala. Seremala humlaumu muuza mbao. Naye muuza mbao husema kosa ni la mwashi aliyemwaga zege. Karatasi ya dhamana, kama ipo, husomwa na kila upande kwa namna inayoufaa. Mara nyingi kila mmoja wao husema kwa nia njema, kwa maana hakuna aliyepima kitu ambacho karibu kila mara ndicho chanzo cha hasara hiyo, yaani maji.

Maji yaliyomo ndani ya ubao

Ubao haukauki ukaisha. Baada ya mti kuangushwa, maji yaliyo huru katika uwazi wa chembe zake hutoka kwanza, na ubao haubadiliki ukubwa. Unyevu unapofika kiasi cha asilimia 28 hadi 30 ya uzito wa ubao mkavu, maji yanayosalia huwa yameshikwa ndani ya kuta za chembe zenyewe. Kuanzia hapo, kila tone litokalo huufanya ubao usinyae, na kila tone liingialo huufanya uvimbe.

Kusinyaa huko si sawa kila upande. Kwa urefu, ubao hubadilika kidogo mno. Kwa upana, ubao uliopasuliwa kwa kufuata mzingo wa shina husinyaa takriban mara mbili ya ule uliopasuliwa kutoka kiini kuelekea gome. Hewa nayo huamua ubao utulie wapi. Katika joto la kawaida la chumba, hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huuacha ubao na unyevu wa karibu asilimia 9. Hewa ya asilimia 70 huufikisha karibu 13, na hewa ya asilimia 80 karibu 16.

Tuchukue mfano wa msaji uliopasuliwa kwa kufuata mzingo wa shina. Upana wake hubadilika kwa takriban sehemu 2 katika 1,000 kwa kila asilimia moja ya unyevu. Ubao wenye upana wa sentimita 10, ukishuka kutoka asilimia 14 hadi 8, hupungua milimita 1.2. Jambo hilo laonekana dogo. Lakini chumba chenye upana wa mita 4 huhitaji mbao 40, na jumla ya upungufu huo ni karibu sentimita 5. Mninga ni miongoni mwa mbao zinazosinyaa kidogo, na ndiyo sababu mafundi huupenda. Hata hivyo nao hautoki katika kanuni hiyo.

Hali ya Bariadi na mkoa wa Simiyu

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 ukiwa na makao yake makuu Bariadi, ni mahali pa kufaa kwa kujifunza jambo hili. Mvua huanza kwa kawaida kati ya Oktoba na Novemba na kukoma mnamo Mei. Kisha kiangazi hutawala kuanzia Juni hadi Septemba. Mbao zilizotandikwa wakati wa masika zitasinyaa Agosti, na zilizotandikwa katika kilele cha kiangazi zitavimba mvua zirudipo. Wilaya ya Busega, inayopakana na Ziwa Viktoria, hupata hewa yenye unyevu kuliko Meatu iliyo mbali na ziwa. Sakafu iliyofaulu katika wilaya moja haiwezi kunakiliwa katika nyingine bila kupima.

Aidha, mkoa huu hautoi mbao za mninga kwa wingi. Mbao hizo hutoka katika nchi za miyombo, kama vile Tabora, na huenda zikawa zimepasuliwa karibuni tu. Zikishushwa Bariadi asubuhi na kupigwa misumari jioni, hazikupata nafasi ya kuizoea hewa ya mahali pale. Fundi mwangalifu huzipanga chumbani, akiweka vipande vya fito kati ya safu na safu ili hewa ipite, na kuziacha kwa majuma kadhaa.

Udongo nao una sehemu yake. Mkulima wa pamba wa Bariadi au Maswa anaujua vyema udongo mweusi wa mbuga: masika huvimba na kunata, na kiangazi hupasuka nyufa ambamo mpini wa jembe huweza kuzama. Nyumba iliyojengwa juu ya udongo huo bila msingi wa kutosha hupasuka zege lake, na unyevu hupanda kupitia nyufa hizo. Anayeifahamu tabia ya mbuga amekwisha fahamu nusu ya tabia ya ubao, kwani vyote viwili huvimba kwa maji na kusinyaa kwa ukavu.

Zege lenyewe, hata likiwa halina ufa, hukauka polepole. Saruji hutumia sehemu tu ya maji yaliyochanganywa; yaliyobaki hutoka kidogo kidogo kupitia uso wake. Kadirio litumiwalo na mafundi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Hivyo zege la sentimita 10 huhitaji miezi 4 hivi, na zaidi wakati wa mvua. Zege ambalo uso wake umekuwa mweupe laweza kuwa bado limejaa maji chini.

Alama na sababu zake

Sakafu iliyoharibika huonyesha chanzo cha madhara yake. Mianya iliyoenea chumba kizima, isiyofunga mvua zirudipo, huashiria kwamba mbao zilitandikwa zikiwa mbichi. Mianya myembamba inayofunguka kiangazi na kufunga masika ni tabia ya kawaida ya mbao, wala si kosa la mtu. Kingo zikiinuka na katikati kubonyea mfano wa sahani, chini ya ubao kuna unyevu kuliko juu; zege au ardhi ndivyo vya kuchunguzwa kwanza. Katikati ikituna kama mgongo, huenda maji yalimwagika juu, au fundi alipiga randa sakafu iliyokuwa imebonyea kabla haijakauka. Sakafu ikifumuka yote, mbao zilivimba zikakosa pa kwenda, kwa sababu hapakuachwa nafasi ya milimita 10 hadi 15 kandokando ya kuta.

Dhamana na sheria

Dhamana nyingi za sakafu huahidi ubora wa mbao na vanishi, lakini huondoa madhara ya unyevu pamoja na kazi iliyofanywa kinyume cha maelekezo ya mtengenezaji. Hivyo mnunuzi aweza kuwa na dhamana ya miaka mingi ambayo haimfai katika dhara lile hasa litokealo mara kwa mara.

Hata pasipo dhamana ya maandishi, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi. Akimweleza muuzaji anayefanya biashara hiyo kwamba mbao ni za sakafu, na akautegemea ujuzi wake, mbao hizo hupaswa kuifaa kazi hiyo. Kasoro ambayo mnunuzi angeiona alipokagua bidhaa ni vigumu kuidai baadaye. Lakini unyevu uliomo ndani ya ubao hauonekani kwa macho. Madai ya mkataba kwa kawaida yaweza kufunguliwa katika muda wa miaka 6. Hata hivyo kila haki huhitaji ushahidi, na ushahidi wa unyevu hupotea kadiri mbao zinavyoendelea kukauka.

Vipimo vya kufanya kabla ya msumari wa kwanza

Kipimo cha kwanza ni cha mbao. Ikiwa hakuna mashine ya kupimia unyevu, kipande kidogo hukatwa mbali na ncha ya ubao na kupimwa uzito. Kisha hukaushwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 103 hadi uzito usipungue tena. Kipande cha gramu 56 kikibaki gramu 50, maji yaliyotoka ni gramu 6, yaani asilimia 12 ya uzito mkavu.

Kipimo cha pili ni cha zege. Karatasi ya nailoni yenye upana wa nusu mita kila upande hubandikwa kingo zote juu ya zege na kuachwa hadi siku ya pili. Matone yakionekana chini yake, au zege likiwa na weusi, kazi haijafika wakati wake.

La tatu ni kuandika. Tarehe, unyevu wa mbao, hali ya zege na jina la aliyepima viandikwe katika karatasi moja, nayo itiwe sahihi na mwenye nyumba, muuzaji na fundi. Karatasi hiyo ni ya gharama ndogo kuliko ubao mmoja. Siku sakafu itakapofunguka, ndiyo itakayoonyesha kama mbao zilikuja mbichi, kama zege liliharakishwa, au kama maji yaliingia baadaye. Na fundi aliyefanya kazi yake sawasawa hatalipishwa kosa la mwingine.