Lugha ya Mhojiwa katika Mafunzo ya Utafiti wa Ushauri Nasaha

Mwanafunzi wa uzamili anayesomea ushauri nasaha na tiba ya kisaikolojia hufunzwa kazi mbili zinazokaribiana lakini zisizofanana. Akiwa mshauri, humsikiliza mtu ili amsaidie yeye mwenyewe. Akiwa mtafiti, humsikiliza ili apate maarifa yatakayowafaa hata wengine. Kazi zote mbili hutegemea lugha. Makala haya yanadhamiria kufafanua nafasi ya lugha katika mafunzo hayo nchini Kenya, na kuonyesha kwa nini suala hili linawahusu pia wanafunzi wa Kiswahili.

Kwa kawaida, mwanafunzi huyo husoma mbinu za utafiti, hufanya mazoezi ya ushauri chini ya msimamizi, kisha huandika pendekezo na tasnifu. Kabla ya kukusanya data, hana budi kupata idhini ya kamati ya maadili pamoja na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, iliyoundwa chini ya sheria ya 2013. Taaluma yenyewe ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014.

Ugumu hujitokeza pale hojaji iliyoandikwa kwa Kiingereza inapopelekwa kwa wasemaji wa Kiswahili. Chukua mfano wa PHQ-9, hojaji ya kupima sonona iliyochapishwa mwaka 2001. Ina maswali 9, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Aghalabu mtu anayepata alama 10 au zaidi kati ya 27 huhesabiwa kuwa anahitaji kuchunguzwa zaidi. Ni dhahiri basi kwamba neno moja lisiloeleweka laweza kumfanya mgonjwa ahesabiwe kuwa mzima, au mzima ahesabiwe kuwa mgonjwa.

Njia mashuhuri ya kuepuka kosa hilo ilielezwa na Richard Brislin mwaka 1970: mfasiri mmoja hutafsiri, wa pili, ambaye hajaiona matini asilia, huirudisha tafsiri katika lugha ya kwanza, kisha matini mbili hulinganishwa. Hata hivyo, njia hii ina mtego wake. Tafsiri sisisi hurejea vizuri kwa sababu ni sisisi, ilhali mhojiwa huenda asiielewe. Kinyume chake, msemaji akisema "nina mawazo", hamaanishi tu kwamba anafikiri. Anaeleza wasiwasi unaomnyima raha. Vivyo hivyo, "roho juu" na "moyo mzito" ni semi zinazobeba maana zisizopatikana kwa kufasiri neno kwa neno. Kwa hivyo, mtafiti hushauriwa kuijaribu hojaji kwa watu wachache kwanza, akiwaomba waeleze kwa maneno yao walivyolielewa kila swali.

Swali la tisa la PHQ-9 linahitaji uangalifu zaidi, kwani linagusia fikra za kufa au kujidhuru. Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipoamua mnamo Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Hofu na aibu hazifutwi na hukumu moja. Mtafiti hufunzwa kueleza mipaka ya usiri tangu mwanzo, kuuliza bila kulaumu, na kuwa na mpango wa kumfikisha mhojiwa kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Zimbabwe inatoa funzo muhimu. Mpango wa Friendship Bench, ulioanzishwa Harare mwaka 2006 na daktari Dixon Chibanda, hutumia neno la Kishona kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, badala ya kuwalazimishia watu istilahi ya kigeni. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa waliohudumiwa kwa mpango huo walipata nafuu zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika: kuhakiki tafsiri za hojaji, kunukuu mahojiano bila kuyasanifisha, na kufafanua semi za wahojiwa. Naye, kama mtafiti mwenyewe, hufungwa na kiapo cha siri, kwa maana maneno anayoyashughulikia ni maumivu ya mtu aliye hai.