Je, Wajua? Kopo, Jiwe na Matabishi

Je, wajua kwamba chombo kinachomwinua shabiki wa Kongo kitini kilianza kama takataka? Ni kopo tupu la dawa ya kupulizia wadudu. Lilitobolewa, likatiwa punje ngumu ndani, likawa manyanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bendi ya Zaiko Langa Langa ya Kinshasa iliwapandisha jukwaani vijana waliolitikisa kopo hilo huku wakipaza sauti za kuchochea wachezaji. Wakaitwa atalaku, jina la asili ya Kikongo lenye maana ya "tazama huku". Sebene, pale waimbaji wanapowaachia wapiga gitaa uwanja, siku hizi huonekana pungufu bila mlio ule wa bati. Shabiki wa Kasaji, mkoani Lualaba, aliyesimama tangu jua kuzama anausubiri mlio huo. Maneno ya mapenzi atayasikiliza kwa heshima. Sebene ataijibu kwa kiuno na mabega.

Kusubiri nako kuna utaratibu wake. Nyota haji mapema. Bendi huanza bila yeye, chipukizi wakiimba na kuupasha ukumbi moto, na kwangu mimi saa hizo ni tamu kuliko wengi wanavyokubali, maana ndipo unapomsikia mtu ambaye kesho atakuwa nyota.

Je, wajua kwamba jina lako linaweza kununuliwa nafasi ndani ya wimbo? Mtindo huo ni libanga. Kwa Kilingala libanga ni jiwe, na kumtupia mtu jiwe ni kumtaja katikati ya muziki ili ukumbi wote umjue. Matajiri na wanasiasa hulipa ili watajwe. Lakini neno hilo linaposikika Lualaba lina uzito wake. Huku jiwe ndilo maisha: lenye shaba au kobalti ndani yake ndilo linalompa mchimbaji hela ya kiingilio. Mchana analitoa ardhini, usiku analisikia kwenye kipaza sauti.

Na kabla ya bafle, yaani spika kubwa, na jenereta, muziki wa ukanda huu ulitosha katika mikono ya mtu mmoja. Mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, ambayo leo imo ndani ya mkoa wa Lualaba. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji mashuhuri wa muziki wa Afrika, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya sasa, akamrekodi wimbo "Masanga". Bosco alitumia kidole gumba na cha shahada tu, na bado anayemsikia kwa mara ya kwanza hudhani magitaa ni mawili. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Gitaa kavu la aina ile mara nyingi lilisindikizwa na chupa ya soda iliyogongwa kwa kijiti. Ukiisikia chupa hiyo, halafu ukasikia kopo la atalaku, unatambua ndugu wawili.

Mashabiki wa Dar es Salaam na Nairobi nao wana deni huku. Mwanamuziki Baba Gaston, yaani Ilunga wa Ilunga, alikuwa mtoto wa Likasi. Aliondoka Lubumbashi na bendi yake, akakaa Dar es Salaam, kisha Nairobi, na mwaka 1976 baadhi ya vijana wake walijitenga wakaunda Les Mangelepa. Wanamuziki wa bendi ya Super Mazembe walifika Nairobi mwaka 1974 wakipitia Zambia. Jina Mazembe lilibeba picha ya mitambo mikubwa ya kusukuma udongo, kitu anachokijua kila mtoto wa Kolwezi, mji wa migodi.

Jambo moja kwa wapenzi wa kusimama mbele ya bafle: mlio unaobaki sikioni baada ya muziki ni ishara ya kuumia kwa chembe zenye vinyweleo zilizo ndani ya sikio. Zikifa, hazioti tena. Rudi nyuma hatua kadhaa, sebene itakufuata.

Sebene ikifika kilele, shabiki hupanda jukwaani na kumbandika mpiga gitaa noti kwenye kipaji cha uso. Hiyo ni matabishi. Je, wajua neno hilo limetoka wapi? Ni Kireno, *mata-bicho*, yaani "ua mdudu": tone la pombe la alfajiri, la kumwua mdudu wa tumboni. Kasaji iko kwenye reli iendayo Dilolo na mpaka wa Angola, ambayo tangu 1931 imeungana na ile ya Benguela inayoshuka hadi bandari ya Lobito. Upande huu wa mpaka, neno limekuwa bakshishi. Upande wa Angola, *matabicho* ni kifungua kinywa. Basi usiku, Kasaji, ni noti iliyolowa jasho la mpiga gitaa. Kukipambazuka, ng'ambo kule Luau, ni mkate na kikombe cha moto.