Neno Mlokole Lilikotoka

Sogeeni karibu na moto, wajukuu zangu. Baridi ya Matogoro mwezi wa saba haina huruma. Jana niliwasikia mkimcheka mwenzenu, "Mlokole huyo!" Je, mnajua neno hilo limetoka wapi? Halikuzaliwa hapa Songea. Ni la Waganda, wanaosema balokole, yaani waliookolewa. Na lina kisa cha kanisa lililobaki kidogo tu lipasuke.

Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, walikutana watu wawili wenye kiu moja: Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Walisoma Biblia pamoja na kuomba. Baadaye uamsho ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, ukavuka mpaka hadi Bukoba. Watu walisimama mbele ya wenzao wakasema waziwazi: niliiba, nilikuchukia, nisamehe. Waliita huko kutembea nuruni. Wako waliofurahi, na wako waliokasirika sana, maana ni nani apendaye kuambiwa kwamba kanisa lake limelala?

Mwaka 1941 mgogoro ukafika katika chuo cha makasisi cha Mukono. Kulikuwa na wanafunzi walioamka alfajiri, giza bado nene, wakaomba na kuhubiri wakati wenzao wamelala. Mkuu wa chuo akawakataza. Wakakataa kuacha. Basi wanafunzi 26 wakafukuzwa, miongoni mwao William Nagenda.

Sasa nisikilizeni vizuri. Vijana wale wangeweza kwenda kujenga kanisa lao chini ya mwembe, na wafuasi wangepata. Hawakufanya hivyo. Jumapili walirudi wakakaa kwenye mabenchi yaleyale, ubavuni mwa watu waliowaona wana kiburi. Naye askofu wao, Cyril Stuart, ingawa walimsumbua kichwa, alitafuta njia ya kuwabakiza ndani. Mimi naona kubaki kule kulihitaji moyo mkubwa kuliko kuondoka.

Tena walokole hawakubaki na vinyongo vyao. Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa mwalimu Dodoma kisha askofu kwao Uganda, alikuwa akimchukia mmisionari mmoja Mzungu. Alipookoka, moyo ukamsuta. Akapanda baiskeli, maili 50, kama kilometa 80. Hebu pateni picha: jua, vumbi, milima, miguu inauma, na njia nzima unajiuliza utaanzaje kusema. Alipofika akamwambia, nilikuchukia, naomba unisamehe. Wakakumbatiana. Mzungu yule hakuwa amemwita. Aliyechukia ndiye aliyefunga safari.

Si kila mahali mambo yaliishia vizuri. Kenya, kwa Wajaluo, ugomvi uliozuka ndani ya uamsho huohuo ulizaa kanisa jingine chini ya Matthew Ajuoga mwishoni mwa miaka ya 1950. Kundi lake liliitwa Johera, watu wa upendo, na bado walitengana na ndugu zao.

Na Nagenda? Hakupata kuwa kasisi maisha yake yote. Alihubiri nchi nyingi, hadi Ulaya na Marekani, akiwa mwumini wa kawaida wa kanisa lilelile ambalo chuo chake kilimfukuza. Kesho mkimwona yule mwenzenu, mwiteni mle naye.