Mbona Bei ya Chini Hukosa Zabuni?

Wanakandarasi wengi wa kaunti huuliza: "Siku ya kufungua zabuni, bei yangu ilisomwa ikiwa ya chini kuliko zote. Mbona kazi akapewa mwingine?"

Mara nyingi jibu liko kwenye karatasi, si kwenye bei. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, kamati ya tathmini huanza na stakabadhi: cheti cha ushuru kutoka KRA, dhamana ya zabuni iwapo iliitishwa, fomu zilizotiwa sahihi, hata nambari za kurasa. Ukikosa sharti moja la lazima, unaondolewa na bei yako haitalinganishwa na ya yeyote. Wanaobaki hupimwa uwezo wao wa kufanya kazi, kisha ndipo bei hutazamwa. Nayo bei iliyosomwa siku ya kufungua hairekebishwi, hata kama ulikosea kujumlisha.

Kamati hupewa siku 30 zisizozidi. Mkuu wa ununuzi hutoa maoni yake, na afisa mhasibu ndiye huamua. Mshindi anapojulishwa, waliokosa nao lazima waandikiwe barua yenye sababu.

Barua hiyo isomwe mapema. Mkataba hautiwi sahihi kabla ya siku 14 kupita, na ni katika siku hizo unapoweza kuwasilisha ombi la mapitio kwa bodi ya PPARB, ambayo huamua ndani ya siku 21. Wengi huzimaliza wakizunguka ofisini kulalamika kwa mdomo, na malalamiko ya mdomo hayasimamishi mkataba.