Matrekta Makongwe: Kutoka Uwanja wa Nanenane hadi Shambani

Kila mwaka, mwanzoni mwa mwezi Agosti, wakulima na wafugaji wa mikoa ya Dodoma na Singida hukusanyika katika viwanja vya Nzuguni, jijini Dodoma, kwa Maonyesho ya Nanenane, ambayo kilele chake ni tarehe 8 ya mwezi huo. Ndio msimu ambao wenye matrekta wengi katika kata zetu huyatoa bandani, wakayaosha, wakayapaka rangi na kuyang'arisha, iwe kwa ajili ya maonyesho hayo au kwa kuyatembeza tu mbele ya majirani. Fahari hiyo ni halali. Mtu aliyelitunza trekta kwa miaka 40 hadi leo likiwa linalima anastahili kupongezwa.

Hata hivyo, kati ya Nanenane na mvua za kwanza za Kanda yetu ya Kati kuna takribani miezi mitatu na nusu. Trekta linalosifiwa mwezi Agosti ndilo litakalongojewa na kaya nyingi mwezi Desemba. Likiharibika siku hiyo, hasara haimkuti mwenye mali peke yake: inawakuta wote waliokwisha kulipa kishanzu na wanaotazama unyevu ukipotea ardhini. Kwa sababu hiyo, makala haya yanaeleza jinsi trekta kongwe linavyotunzwa, linavyoandaliwa kwa maonyesho, na namna mkulima anayekodi anavyoweza kulitambua lililo zima.

Kwa nini yamedumu

Matrekta mengi ya zamani yanayoonekana vijijini ni uzao wa fikra ya mhandisi Harry Ferguson, aliyebuni mfumo wa kuning'iniza plau nyuma ya trekta kwa mikono mitatu inayoinuliwa na haidroliki. Kwa mfumo huo, jembe na trekta vikawa kitu kimoja, na trekta dogo likaweza kufanya kazi iliyokuwa ikidai trekta zito. Massey Ferguson 135, lililotengenezwa Coventry nchini Uingereza kuanzia mwaka 1964 hadi katikati ya miaka ya 1970, lilirithi mfumo huo pamoja na injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu. Katika miaka ya 1980, matrekta ya Valmet kutoka Ufini yaliunganishwa hapa nchini, Kibaha mkoani Pwani, nayo yakaenea mikoa mingi.

Siri ya kudumu kwake ni usahili. Hayana kompyuta wala vihisio vya umeme. Pampu ya dizeli, nozeli, klachi na haidroliki vinaweza kufunguliwa na fundi mwenye ujuzi na spana zinazofaa. Aidha, injini za aina hiyo ziliendelea kutengenezwa katika nchi nyingine, zikiwamo Pakistani na Uturuki, hata baada ya Uingereza kuacha, na kwa hiyo vipuri vyake bado hupatikana. Lakini usahili si sawa na kutohitaji matunzo. Mashine sahili huvumilia mengi, na uvumilivu huo ndio unaowafanya wenye nayo kuchelewa kutambua kwamba imeanza kufa.

Funzo la Kongwa

Kanda yetu ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, na Kongwa ndiko ulikoanzia, kabla ya kufika Urambo na Nachingwea. Sehemu kubwa ya matrekta ya mwanzo yalikuwa masalia ya Vita Kuu ya Pili, mengine yakiletwa kutoka Ufilipino. Yalipofika, yalikuta udongo wa mfinyanzi uliokauka mithili ya saruji, madereva waliofunzwa kwa haraka, karakana zisizotosha na vipuri visivyofika. Mengi yalisimama katika mwaka wa kwanza tu. Mvua chache zikaongeza balaa, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kugharimu zaidi ya pauni milioni 35.

Matrekta hayakuwa sababu pekee ya kushindwa kule. Hata hivyo, funzo lake linatuhusu hadi leo: wingi wa mashine haulimi shamba. Kinacholima ni mashine iliyo na fundi, vipuri na dereva anayeijua.

Mambo manne yasiyofunikwa na rangi

La kwanza ni hewa. Vumbi ndilo adui mkubwa wa injini katika Kanda yetu. Matrekta mengi ya rika hilo yana chujio la hewa lenye bakuli la oili. Hewa hupita katika oili hiyo na kuacha vumbi humo. Wakati wa kulima, bakuli litazamwe kila siku. Tope likionekana chini yake, oili imwagwe katika chombo, bakuli lioshwe kwa dizeli, kisha iwekwe oili safi hadi kwenye alama. Isizidishwe, kwani oili iliyozidi yaweza kuvutwa na injini na kuifanya ikimbie bila kudhibitiwa. Mpira unaounganisha chujio na injini ukaguliwe pia. Ufa mdogo katika mpira huo hupitisha vumbi moja kwa moja hadi kwenye pistoni na ringi, na chujio linakuwa pambo tu.

La pili ni oili ya injini. Ipimwe kila asubuhi kabla ya kuwasha, trekta likiwa mahali tambarare. Oili yenye rangi ya maziwa ni dalili ya maji yaliyoingia ndani. Injini isiwashwe kabla fundi hajaitazama. Muda wa kubadilisha oili na filta huhesabiwa kwa saa za kazi, na kitabu cha trekta husika ndicho kinachosema ni saa ngapi. Chukua mfano wa trekta ambalo kitabu chake kinataka saa 200. Likilima saa 10 kwa siku, saa hizo humalizika kwa siku 20. Desturi ya kubadilisha oili mara moja kwa msimu, basi, haitoshi kwa trekta linalokodishwa kutoka kitongoji kimoja hadi kingine. Mita ya saa ikiwa imekufa, daftari na saa ya mkononi vinatosha kutunza hesabu.

La tatu ni dizeli. Dizeli ya madumu mara nyingi huja na maji na uchafu. Iachwe itulie, imiminwe kwa kuchujwa, na sehemu ya chini ya dumu isitumike. Tangi lijazwe jioni baada ya kazi, ili hewa yenye unyevu isipate nafasi ya kuganda na kuwa maji usiku. Bakuli la kutenga maji lifunguliwe na kumwagwa mara kwa mara. Trekta lisiachwe liishiwe kabisa na mafuta, kwani hewa ikiingia katika mabomba italazimu kutoa upepo kabla halijawaka tena, na kila nati inayofunguliwa shambani ni mlango wa vumbi.

La nne ni maji ya kupoza injini. Makapi ya nyasi na alizeti huziba mapezi ya rejeta. Yaondolewe kwa maji au upepo kutokea upande wa feni kwenda nje. Mkanda wa feni usilegee. Injini ikichemka, mfuniko wa rejeta usifunguliwe papo hapo, wala maji baridi yasimwagwe katika injini ya moto: mvuke huunguza uso wa mtu, na chuma cha moto hupasuka.

Baada ya hayo, moshi utasema mengine. Moshi mweusi usiokatika huashiria hewa kidogo au dizeli nyingi kupita kiasi. Wa bluu ni oili inayoungua, mara nyingi kwa sababu ya ringi zilizochakaa. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto ni wa dizeli isiyoungua au maji yaliyoingia ndani.

Kuliandaa trekta kwa maonyesho

Rangi ina faida yake, kwa kuwa huzuia kutu. Lakini ipakwe mwisho, baada ya kuosha, kuziba mivujo na kubadilisha mipira iliyooza. Nipeli za grisi zifunikwe kwa karatasi kabla ya kupuliza. Nipeli iliyozibwa na rangi haitapitisha grisi, na kiungo kitaliwa taratibu bila mtu kujua. Kibao cha chuma chenye namba ya trekta kisipakwe rangi wala kung'olewa. Namba hiyo, pamoja na namba iliyogongwa kwenye injini yenyewe, ndizo zitakazomwezesha muuza vipuri kutoa kipuri kinachofaa. Matrekta mengi makongwe yamekwisha kubadilishwa injini, kwa hiyo namba zote mbili ziandikwe.

Kitu kinachostahili kuonyeshwa kuliko rangi ni daftari la matengenezo: tarehe, saa za kazi, oili na filta zilizobadilishwa, kipuri kilichowekwa na fundi aliyekiweka. Mwenye trekta akilifungua daftari hilo mbele ya wageni atakuwa amewaonyesha historia ambayo rangi mpya haiwezi kuitoa. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.

Usalama wa watu

Matrekta mengi ya zamani yalitoka kiwandani bila fremu ya kumkinga dereva lisipinduke juu yake. Sweden ilikuwa ya kwanza kuifanya fremu hiyo kuwa lazima kwa matrekta mapya, mwaka 1959, na vifo vya madereva vikapungua sana. Mwenye trekta lisilo nayo ajue kwamba usalama wake unategemea nidhamu yake. Mzigo, gogo au gari lililokwama vifungwe chini, kwenye kiungo cha kuvutia. Vikifungwa juu, kwenye mkono wa kati au karibu na kiti, pua ya trekta huinuka, nalo huweza kupinduka kinyumenyume kabla dereva hajawahi kukanyaga klachi.

Shafti ya nyuma inayoendesha mashine ya kupukuchua mahindi huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Upindo wa kanga au mkono wa shati ukinaswa, hakuna nguvu ya mtu itakayouvuta. Kifuniko cha shafti kisiondolewe, na watoto wasisogee. Vivyo hivyo, ni hatari kuwasha injini kwa kugusanisha nyaya za stata kwa bisibisi huku mtu amesimama ardhini mbele ya tairi la nyuma: gia ikiwa imeingia, trekta litampanda. Stata au swichi mbovu irekebishwe. Wala madigadi si viti vya vibarua.

Kwa mkulima anayekodi

Kabla ya kutoa kishanzu, ni haki yako kufanya mambo yafuatayo:

1. Omba trekta liwashwe likiwa la baridi. Injini iliyopashwa moto mapema huficha ugumu wa kuwaka.
2. Tazama moshi wake, na chini yake kama kuna mivujo ya oili au dizeli.
3. Omba plau iinuliwe na ikae juu kwa dakika kadhaa injini ikinguruma. Ikishuka yenyewe, haidroliki ina kasoro.
4. Uliza daftari la matengenezo, na jina la fundi atakayeitwa likiharibika.
5. Andikishaneni mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji: ukubwa wa shamba, bei, tarehe ya kulima, na siku ambayo fedha zitarudishwa iwapo trekta halitafika.

Kipengele cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi, na ndicho chanzo cha mashauri mengi. Mwenye trekta mwaminifu hapotezi kitu kwa kukiandika. Kinamlinda yeye pia dhidi ya madai yasiyo na ukweli.

Pa kupata ushauri

Afisa kilimo wa kata ndiye mtu wa kwanza kumwendea kwa ushauri kuhusu zana, maandalizi ya shamba na muda wa kulima. Vijana wanaopenda ufundi wanaweza kupata mafunzo ya ufundi wa magari na mitambo katika vyuo vya VETA. Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, kilichoko Arusha, kina jukumu la kitaifa la kufanyia majaribio zana za kilimo. Pale ambapo wenye matrekta wa kata moja wanaweza kuungana, wanunue filta na oili kwa pamoja na kumtunza fundi mmoja wa kudumu. Gharama ya kila mmoja itapungua, na hakuna atakayebaki kumtafuta fundi mjini mvua ikiwa imekwisha kunyesha.

Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kufanya matengenezo makubwa: kufungua klachi, kupima nozeli, kuweka breki sawa, kubadilisha sahani za plau zilizolika. Kipuri kilichoagizwa Oktoba hufika kabla ya mbegu kuingia ardhini. Kinachoagizwa Desemba hufika magugu yakiwa magotini.