Nililipa yuro kula pweza wa makaa, nikamkumbuka nyanya

Usiingie konoba ya Split na njaa ya sasa hivi ukidhani utaletewa peka. Mimi nilijaribu. Mhudumu alinitazama kwa huruma, akaniambia nirudi kesho jioni, tena nisije peke yangu kwa sababu msosi huo hupikwa wa watu wawili kwenda juu.

Kesho yake nikarudi na binamu yangu, ambaye ana kandarasi ya kazi ya jikoni katika hoteli moja huko Kroatia. Yeye ndiye alinialika. Nauli niliichanga mwaka mzima kwa vibarua vya mtandaoni.

Konoba ni mkahawa wa kienyeji wa pwani ya Dalmatia. Zamani neno hilo lilimaanisha ghala la chini ya nyumba, mahali familia iliweka mvinyo, mafuta ya zeituni na nyama iliyokaushwa. Yetu ilikuwa mtaa wa Varoš, wenye vichochoro vya mawe kama Mji wa Kale Mombasa. Kutoka hapo unatembea kidogo tu hadi kasri la Diocletian, mfalme wa Kirumi aliyehamia huko miaka 1,700 hivi iliyopita.

Tukaketi. Mkate ukaja, na mafuta ya zeituni. Mimi nakunywa maji huku napiga hesabu: yuro 25 kila mtu, karibu elfu nne za Kenya. Manze, mlo mmoja! Pesa zao za zamani ziliitwa kuna, lakini tangu Januari 2023 hakuna kuna, ni yuro tu.

Binamu akaomba tuone jikoni. Mama mmoja mzee alikuwa ameinama mbele ya meko la mawe. Pweza, viazi na vitunguu vilikuwa ndani ya sinia, juu yake kifuniko kizito cha chuma chenye umbo la kengele. Kifuniko hicho ndicho peka. Akachukua sepetu, akazoa makaa yanayowaka, akayarundika juu ya kifuniko.

Nikaganda. Huku si ni kupalia?

Nyanya yangu kule Likoni hupalia makaa kila alfajiri, akioka mikate ya kumimina ya kuuza. Karo yangu ya chuo, kozi ya upishi, ilitoka kwa mikate hiyo. Darasani tulifunzwa ovena ya gesi. Mwalimu alipouliza nani anajua kuoka bila ovena, nilinyamaza. Niliona haya, wasee wangenicheka.

Halafu bei ya unga na makaa ikapanda, karo ikakwama, nikaacha chuo mwaka wa pili. Nyanya nilimwambia nimechoka na masomo. Ulikuwa uongo. Sikutaka ajilaumu.

Peka ikaletwa. Pweza alikuwa laini hadi kisu hakikuwa na kazi, na viazi vilikuwa vimenywa mchuzi wote. Nilikula polepole. Usiku huo nikampigia simu.

"Shikamoo nyanya."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

Nikamweleza kuhusu yule mama na kengele yake. Akauliza swali moja: makaa mengi yako juu au chini? Nikasema juu.

"Basi anajua kazi."

Hapo nikamwambia ukweli kuhusu chuo. Akanyamaza hadi nikadhani laini imekatika.

"Ungeniambia, ningeuza cherehani."

Nilijua angesema hivyo. Ndiyo maana sikumwambia.

Nimerudi nyumbani wiki tatu sasa. Alfajiri naamka naye, ananifunza kupalia. Mikate miwili ya kwanza niliiunguza juu. Wa tatu aliuweka kapuni pamoja na yake, akaenda nao sokoni bila kusema kitu.

Ukifika Split, agiza peka siku moja kabla, na uende na mwenzako.