Kisu cha Mganga na Askari wa Damu

Katika damu ya kila mtu mna askari wadogo sana. Macho hayawaoni, huonekana kwa hadubini tu. Jina lao ni chembe nyeupe. Tone dogo kama kichwa cha pini lina askari 4.000 mpaka 10.000 hivi.

Kazi zao ni mbalimbali. Wengine humeza vidudu vya ugonjwa. Wengine humkumbuka adui aliyeingia zamani. Akirudi, humtambua upesi.

Mtu fulani ana vijiwe katika mfuko wa nyongo. Mganga anampasua tumbo ili auondoe mfuko huo. Mganga anataka kuponya, lakini mwili haujui hayo. Kwake kisu ni kisu. Mara unapiga ngoma ya hatari. Askari wamezaji wanakimbilia kidonda kwa wingi. Lakini askari wa ukumbusho wanapungua katika damu, na wengine wanalegea kazini. Ni kama kijiji ambamo nyumba moja inawaka moto. Watu wote wamekimbilia huko. Nani analinda mbuzi? Kwa siku chache vidudu huweza kuingia kwa urahisi. Tena, kadiri kidonda kilivyo kikubwa, ndivyo ngoma inavyolia kwa nguvu.

Mwaka 1985, katika nchi ya Ujerumani, mganga Erich Mühe aliondoa mfuko wa nyongo pasipo kupasua tumbo wazi. Siku hizi njia ya namna hiyo imeenea. Mganga hutoboa matundu machache, kila moja la milimita 5 mpaka 10 hivi. Hujaza tumbo gesi ili lipanuke. Hupenyeza mrija wenye taa na kamera, akaona ya ndani kwenye kioo kama cha televisheni. Vyombo vyake ni virefu na vyembamba. Kidonda ni kidogo, basi ngoma hulia polepole. Askari hurudi kazini upesi, na mgonjwa huamka mapema.

Je, kupasua wazi ni kubaya? Hapana. Damu ikimwagika sana tumboni, mara nyingi mganga hana budi kufungua wazi, apate kuona na kuizuia. Hapo kisu kikubwa ndicho kinachookoa.

Lakini kila aliyepasuliwa, askari wake wamechoka. Anayekwenda kumtazama anawe mikono kwa sabuni, wala asiguse kidonda. Hivyo naye atakuwa mlinzi wa mgonjwa.

Maulizo
1. Askari wa damu wana kazi gani?
2. Kwa nini mwili unapiga ngoma mganga anapopasua?
3. Utafanya nini kabla ya kumkaribia mgonjwa aliyepasuliwa?